Mkazi wa Lamparina

Mtaa wa Bonjardim, Porto
14 Februari 2016

Mpwa wangu Jussara,

Ungekuwa mbele yangu ungeomba baraka kwanza, kama ulivyolelewa, basi nakupa kabla hujaomba: Mungu akubariki, ikiwa bado yuko kazini. Mimi ni mzima. Mvua ya huku haikatiki na soksi zangu zimesahau kukauka. Baptista, rafiki yangu muuza vitabu vikuukuu, ameoa tena, safari hii mjane mwenye sauti ya king'ora. Harusi ilikuwa ndefu na chakula kilikuwa kidogo. Nisalimie mama yako. Najua hatapokea, lakini dada ni dada, na kutuma salamu ni juu yangu.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mtu amenitumia kipande cha gazeti la kwenu. Chuo kimeamua kuikarabati na kuipanua Lamparina, nyumba ya wanafunzi niliyokaa nikisomea uhandisi wa migodi, na kuna picha ya jengo litakavyokuwa. Kwanza nilidhani ni kliniki ya meno. Kisha nikaona kuta mbili za zamani zimebanwa katikati ya vioo, kama bibi kizee aliyekamatwa na polisi wawili, ndipo nikaitambua. Miti uliyoichora haioti mahali popote duniani. Wanafunzi uliowachora wote wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyeshika kitabu. Chini nikasoma jina la msanifu: Jussara Quintão Rezende. Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Jina halikubadilika.

Sitasema mengi. Watu wenye shahada wana haki ya kuharibu vitu. Ndiyo kazi waliyosomea. Swali ni moja tu, na wala si la muhimu. Kile chumba cha kushoto ukiingia mlangoni, chenye kitanda kimoja, kimekuwa nini kwenye mchoro wako? Gazeti limechapwa vibaya, sikuweza kuona.

Mjomba wako,
Olavo

*

Belo Horizonte
3 Aprili 2016

Mjomba Olavo,

Naomba baraka zako, ingawa ulizituma kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Samahani kwa kuchelewa. Mimi hufanya kazi. Taís, mwanangu, amepoteza meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi akisema jina langu. Mama bado yuko São Bento da Lavra, kwenye nyumba ileile chini ya mlima. Magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna tatizo. Salamu zako nilimfikishia. Aliniuliza kama nimekumbuka kununua kahawa.

Ulikaa humo zamani, basi acha nikueleze Lamparina yako tukufu ilivyo leo. Wavulana kumi na mmoja, vyoo viwili, kimoja hakina mlango. Mchwa wamekula boriti za ghorofa ya juu, na hizo zilizobaki zimesimama kwa mazoea tu. Nyaya za umeme zimefungwa kwa plasta ya kidonda. Jumba hilo ni mali ya chuo, linalipiwa kodi na taifa zima, lakini hao kumi na mmoja wanajichagulia wenyewe nani aingie. Kijana anakaa miezi ya majaribio akifagia na kubebeshwa mizigo, kisha wanapiga kura mezani, na mmoja tu akikataa, nje. Huko nje kuna mamia ya wanafunzi wanaokodi vibanda bondeni na kupanda basi alfajiri. Nilikuwa mmoja wao, Mjomba. Nilizaliwa mji huohuo wa São Bento na sikuwahi kuingia Lamparina, kwa kuwa ni ya wanaume. Nilipita chini ya madirisha yake miaka mitano. Walikuwa wakitumwagia maji kutoka juu na kuita hilo utamaduni.

Mimi nitaweka vitanda themanini, na nusu yake ni vya wasichana. Kama huko Porto inafanana na kliniki ya meno, basi na ifanane.

Chumba chako cha mlangoni kitakuwa kibanda cha mlinzi na geti la kadi.

Nina ombi. Wazee waliowahi kukaa humo wananung'unika magazetini. Wewe ulifukuzwa nchini na wanajeshi, jina lako bado lina uzito kwa watu wa rika lako. Niandikie ukurasa mmoja kwamba unaunga mkono mradi. Si lazima uupende.

Jussara

*

Kwa Baptista, Mtaa wa Almada, Porto
9 Mei 2016

Mpwa wangu,

Upate baraka, wewe na mtoto asiye na meno. Mimi ni mzima kabisa. Usishangae anwani, nimeona heri niwe karibu na vitabu. Mke wa Baptista anapika supu ya kabichi siku zote za juma na Jumapili anaiita jina jingine.

Sitaandika huo ukurasa. Sikatai kwa sababu ya vioo, vioo huvunjika vyenyewe. Nakataa kwa sababu unaniomba nimsifu mtu aliyegeuza kitanda kuwa geti.

Hukulelewa humo, basi nitakueleza taratibu, kama mtu anavyomweleza fundi wa bomba maana ya maji. Anayemaliza masomo hutundikiwa picha yake sebuleni. Tangu siku hiyo, mahali popote duniani alipo, hata akiwa waziri, hata akiwa ombaomba, ana haki ya kurudi na kubisha mlango bila kutoa taarifa. Hakuna wa kumuuliza anakaa mpaka lini. Kile chumba cha mlangoni ni chake, shuka zimetandikwa, na sahani yake ipo mezani. Nitajie hoteli, nitajie serikali, nitajie hata familia inayofanya hivyo. Wewe umelitazama jambo hilo, umetoa kalamu, na umeandika "mlinzi".

Themanini, unasema. Hata kuku wa mayai hufugwa kwa hesabu kama hiyo, na kila mmoja ana kijichumba chake.

Nisalimie mama yako.

Olavo

*

Belo Horizonte
20 Juni 2016

Mjomba,

Baraka zako. Taís ameota jino moja, limepinda. Mama ni mzima na hakusema kitu.

Wiki iliyopita nilikuwa São Bento kusimamia uhamishaji wa picha za sebuleni, ili vumbi la ujenzi lisiziharibu. Unaona jinsi nilivyo mshenzi. Zilishushwa moja moja, nyuso na nyuso za wanaume wenye masharubu, na mimi nikisoma majina nyuma. Nilikuwa nikitafuta lako. Nilitaka nikupelekee nakala, nikufurahishe kidogo ili uandike ule ukurasa.

Halipo.

Nikamwita kiongozi wa nyumba, mwanafunzi wa jiolojia wanayemwita Kiroboto. Unajua humo kila mtu hupewa jina la nyumba na la kwao husahaulika.

"Namtafuta Olavo Quintão."

"Hatuna Olavo hapa, mama msanifu. Jina lake la nyumba?"

"Mama yangu husema mlimwita Msumari."

"Msumari, Msumari..." Akatazama ukuta mtupu kana kwamba picha zimeacha masikio. "Alimaliza mwaka gani?"

Ndipo nilipokumbuka, Mjomba. Hukumaliza. Uliondoka mwaka wa nne, wa 1970, ukapita mpakani na shati moja. Asiyemaliza hana picha, na asiye na picha hana kitanda. Ni taratibu zako mwenyewe, umenifundisha kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo miezi yote hii umenitukana kwa ajili ya chumba ambamo hata wewe huna ruhusa ya kulala. Fundi wa bomba anakusalimu.

Na sasa mimi ndiye ninayeuliza swali lisilo la muhimu. Kwa nini umehama Bonjardim?

Jussara

*

Belo Horizonte
28 Agosti 2016

Mjomba,

Sikuombi baraka leo. Sisi ni wazima.

Mimi hukunijibu. Umewaandikia wao. Najua, kwa sababu Kiroboto alikuja ofisini kwangu na barua yako mkononi, amevaa shati la pasi, na nyuma yake wenzake wawili wakijitahidi kutocheka.

"Mama msanifu, tumepata tatizo la kisheria."

"Ninyi? Sheria?"

"Mkataba wa chuo unasema nyumba haibomolewi wala kupanuliwa bila wakazi wote kukubali, kwa desturi ya nyumba. Wote."

"Mko kumi na mmoja. Pigeni kura."

"Tuko kumi na wawili." Akaiweka barua mezani kama mtu anayeshusha turufu. "Kwa desturi, mtu hutoka Lamparina kwa njia mbili. Amalize masomo, au wenzake wote wamfukuze kwa kura. Msumari hakumaliza. Na hakuna aliyemfukuza."

"Alifukuzwa na jeshi!"

"Jeshi halikuwa na kura mezani," akasema yule wa nyuma.

"Yuko safarini tu," akaongeza Kiroboto. "Safari imekuwa ndefu."

Barua hiyo nilimpelekea mwanasheria wa chuo. Alicheka, akasoma mkataba, akaacha kucheka. Fedha za mradi zinarudi wizarani mwisho wa mwaka kama wakazi hawajakubali. Ukikataa wewe, hakuna jengo, na mimi nitapewa kazi ya kuchora maegesho ya magari mpaka nistaafu. Natumaini unafurahi. Mtu mwenye miaka sitini na tisa, mwanafunzi wa bweni.

Hata hivyo nakuletea habari njema. Mkuu wa kitivo amependekeza upewe shahada ya heshima, kwa ajili ya dhuluma uliyotendewa na watawala wa wakati ule. Kutakuwa na joho na hotuba. Picha yako itatundikwa sebuleni katikati kabisa. Sherehe inaweza kufanyika Oktoba, wewe ukiwepo au hata usipokuwepo. Jibu kwa neno moja tu: ndiyo.

Jussara

*

Posta Kuu, Porto
25 Septemba 2016

Mpwa wangu,

Baraka unazo hata usipoziomba, huo ndio ubaya wa kuwa na mjomba.

Jibu ni hapana.

Nimeitazama hiyo shahada yako ya heshima kwa mbele na kwa nyuma. Kwa mbele ina joho. Kwa nyuma: aliyepewa shahada amemaliza, aliyemaliza si mkazi, asiye mkazi hana kura. Mkuu wa kitivo hakuwaza hayo peke yake, yeye ni mtu wa hotuba. Hiyo ni akili ya Kiquintão, nami kwa mara ya kwanza nimeona kwamba kweli tuna damu moja. Lakini dhuluma niliyotendewa nimeishi nayo vizuri muda mrefu, sihitaji ioshwe na watu waliokuwa wakishona sare za walionidhulumu. Hilo joho mfunike nalo mlinzi wako, asubuhi za Lavra zina baridi.

Baada ya kusema hayo, nimepata michoro yako kamili, Kiroboto amenitumia. Nimekaa nayo siku kadhaa kwenye benchi la posta, pana joto na hapana supu. Ngazi yako ya nyuma inafunguka kuelekea kwenye ukuta wa jirani, watu themanini wakikimbia moto watakutana na mawe. Dirisha la jiko linatazama kusini na halitapata jua hata siku moja. Kwenye chumba cha kulia umeweka vimeza vidogo vya watu wanne wanne, kama mgahawa wa stesheni. Themanini hao watakula wakitazama ukuta na kumaliza chuo bila kugombana na mtu yeyote. Hiyo ni elimu ya aina gani?

Swali lako la Juni nimelisoma. Karatasi imekwisha.

Olavo

*

Belo Horizonte
23 Oktoba 2016

Mjomba Olavo,

Naomba baraka zako, na leo naomba kweli.

Nilimpigia simu Baptista dukani. Alipokea mkewe, na ni kweli, simu niliiweka mbali na sikio. Aliniambia: "Wewe ndiye mpwa? Njoo umchukue mzee wako. Mwenye nyumba wa Bonjardim amewatoa wote, ghorofa nzima imekuwa ya watalii. Analala stoo katikati ya makamusi, anakohoa, na anavyoringa utadhani sisi ndio wageni wake." Kisha akapunguza sauti, nikagundua kuwa anaweza. "Barua zako anazisomea posta ili sisi tusimwone."

Kwa nini hukusema? Mistari mingapi umeandika juu ya madirisha, na hukupata nafasi ya kuandika "sina pa kulala"? Wewe na mama mngeweza kuzama kwenye kisima kimoja, kila mmoja akisubiri mwenzake ndiye apige kelele.

Nilimwendea mama. Ana vyumba vitatu havina mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu yangu alinyamaza miaka saba. Mwaka wa 1974, akiwa bado kimya, nilimlipia misa ya marehemu. Siwezi kumtandikia marehemu." Akafunga dirisha la upande wa mlima. Nakueleza kama lilivyokuwa, kwa sababu najua nawe ungeniambia hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi.

Kwangu Belo Horizonte tuko watatu kwenye vyumba viwili. Ungekuja, najua usingekaa.

Basi sikiliza, na usinishukuru, maana nayafanya haya kwa ajili ya mradi. Katika jengo langu jipya, kitanda hupewa aliyesajiliwa chuoni, awe nani. Nilikwenda masijala. Jina lako lilifutwa na wanajeshi, lakini sheria ya msamaha iliwarudishia wote waliofutwa haki ya kuendelea pale walipoishia. Hakuna aliyeweka kikomo, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu atakayechelewa hivi. Fomu iko humu ndani. Tia sahihi. Masomo yanaanza Machi.

Kura ni Jumapili ya mwisho ya Novemba. Kiroboto anasema kura ya barua haihesabiwi, lazima mtu awe amekaa mezani na amekula. Tiketi nayo iko humu ndani.

Ngazi ya nyuma nimeigeuza. Ulikuwa sahihi, na nilikuchukia siku nzima.

Ukitaka kukataa, kataa. Lakini ukatae ukiwa umeshiba na umelala.

Jussara

*

Lamparina, São Bento da Lavra
29 Novemba 2016

Mpwa wangu,

Mungu akubariki. Nilifika salama, kikohozi kilibaki baharini. Nyumba ni mbaya kuliko ulivyosema. Nilidhani ulitia chumvi, kumbe ulikuwa na adabu.

Umesikia matokeo kwa simu, lakini hukusikia yalivyopatikana, na waliokuwepo wengine wote ni waongo.

Tulikula saa saba mchana: maharage, sima, mboga, na nyama iliyokatwa na mtu mwenye chuki. Kura yetu, kama hujui, hupigwa kwa sahani. Anayekubali anaiacha ilivyo. Anayekataa anaipindua mbele ya wote. Kiroboto akasimama na kugonga glasi.

"Msumari, mzee wetu. Leo nyumba iko mkononi mwako."

"Mkononi mwako kuna nini?"

"Mzee, sisi tuna posho za chuo. Yeyote kati yetu akipindua, kesho anaitwa ofisini. Wewe watakufanya nini?"

"Kwa hiyo mmeniita kutoka ng'ambo nije niwapindulie sahani."

"Tumekuita uje ulinde desturi."

Alipofika kwenye neno hilo, mvua ikaanza kushuka juu ya paa, na paa likaipokea kama mgeni. Hakuna aliyenyanyua macho. Kiroboto akasogeza ndoo kwa mguu huku anaendelea kuhutubia, wengine wakahamisha viti kulia, wote kwa pamoja, kama askari wa gwaride. Wamezoea kiasi kwamba hawajui tena kuwa wanaloa.

"Hao themanini," nikauliza, "mna ugomvi nao?"

"Watatuharibia nyumba."

"Na nusu ni wanawake," akasema mwingine, kwa sauti ya mtu anayetangaza ukoma.

Nakuambia wazi, Jussara, nilikuja nimekusudia kupindua. Nilikuwa nimeshapanga hata namna ya kuipindua, polepole, wasikie inavyogusa mbao. Ila nikawatazama. Wanaume wazima, mikono wameificha chini ya meza, wananisubiri mimi niwafungie mlango wenzao ili kesho wao waende kuchukua posho na nyuso za malaika. Sisi tulikuwa wapumbavu, hilo sikatai, lakini sahani zetu tulizipindua wenyewe, na wapo walioburutwa kutoka kwenye meza hiyohiyo kwa sababu ya kuzipindua. Mchoro wako siupendi. Hawa siwapendi zaidi. Nikachukua mkate, nikafuta mchuzi kwenye sahani yangu mpaka ikang'aa, nikaiacha ikitazama juu.

Hakuna mwingine aliyethubutu. Una jengo lako.

Halafu ndipo ushujaa ulipoamka. Kiroboto akapendekeza nifukuzwe, papo hapo. Kwa hilo posho haikuwa hatarini, na sahani zikaanza kupinduka, moja, nyingine, nyingine, kwa kishindo. Kwenye kufukuza, anayepindua anamkataa mtu, na inatakiwa wote wapindue. Ikabaki ya kijana mmoja wanayemwita Uji, mpishi wao, mnene, hana haraka na mambo ya dunia. Alikuwa amejiongezea maharage.

"Uji, pindua."

"Bado nakula."

Wakamsubiri. Akajiongezea tena. Mvua ikakatika, mmoja akaenda kulala, mwingine alikuwa na mchumba wa kumwona, na kikao kikafa. Sijui kama ulikuwa wema au njaa. Sikumuuliza.

Fomu nimeshaipeleka masijala. Karani alitazama mwaka wangu wa kuzaliwa, akanitazama, akaniuliza kama nimekuja kumsajili mjukuu. Nikamwambia mjukuu yuko nyuma anakuja.

Zile meza za watu wanne ziondoe. Weka moja ndefu.

Olavo

*

Belo Horizonte
12 Januari 2017

Mjomba,

Baraka zako. Taís anakusalimu kwa meno yote.

Mkandarasi ameanza. Mtahamia mabanda ya muda nyuma ya uwanja wa mpira, nawe umewekwa chumba kimoja na Uji kwa sababu wengine wamekukataa kwa maandishi. Meza moja ndefu ya watu themanini haipiti mlangoni. Nimechora mbili. Usinibishie.

Mama amekuona ukipita chini ya dirisha lake na vitabu. Ameniuliza kwa nini umekonda. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Jussara

*

Mabanda ya Muda, São Bento da Lavra
2 Aprili 2017

Mpwa wangu Jussara,

Mungu akubariki, na ambariki Taís, na amhurumie mkandarasi wako, ambaye anachanganya saruji kama anayetengeneza keki ya mkwewe. Nimemwambia. Amenijibu kwamba wanafunzi hawaruhusiwi eneo la ujenzi.

Banda letu ni bati tupu. Mchana tunaiva, usiku Uji anakoroma kwa mapozi. Godoro ni jembamba na lina harufu ya plastiki. Limeandikwa jina langu kwa wino mzito pembeni, jina kamili, na mhuri wa chuo. Nimelala juu yake tangu Januari na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza nitaondoka lini.

Mama yako tumekutana sokoni, penye jibini. Alilitazama begi langu la shule, akanitazama mimi, akasema, "Mzee mzima," akaenda zake. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu 1970. Nimeyafikiria na nimeyaona ya haki.

Masomo yameanza. Darasani wananiita profesa, kwa dharau, nami nawajibu kwa dharau hiyohiyo, tunaelewana. Kuna tatizo moja tu. Mwalimu wa hesabu, binti ambaye angeweza kuwa mwanao, ameniambia mbele ya wote kwamba nina kichwa cha hesabu kisicho cha kawaida, na nikiendelea hivi nitamaliza kila kitu kwa miaka miwili. Darasa likapiga makofi. Sikulala usiku ule. Nikimaliza watanivalisha joho, watanipiga picha, na godoro litaandikwa jina la mtu mwingine.

Jana tulikuwa na mtihani wa kwanza. Karatasi yangu niliirudisha mapema na maswali matatu nimeyaacha wazi. Majibu yote nilikuwa nayo.

Mjomba wako,
Olavo, mwaka wa nne